Matairi ya Mtu Aliyehama

Mvua ikianza kunyesha mimi hushona ovyo. Wateja wangu wanajua. Kuna mama mmoja alinirudishia gauni, akaliweka juu ya meza taratibu, kola upande mmoja imepanda na upande wa pili imeshuka, akaniuliza, "Fundi, siku unashona hili kulikuwa na mvua?" Nikamwambia ndiyo. Akasema inaonekana. Nikalifumua mbele yake nikalianza upya, na sikuwa na uso wa kumwambia anitafute kesho.

Sababu ni mume wangu. Mume wangu ni dereva wa pikipiki, na pikipiki yake ilikuwa inatembelea matairi ambayo hata mtoto wa chekechea angekwambia ni kipara. La nyuma lilikuwa laini kama sahani iliyotoka kuoshwa. La mbele lilikuwa na nyufa ubavuni kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Kwa hiyo wingu likifunga, mguu wangu unatoka wenyewe kwenye pedali ya cherehani, nabaki nimetega sikio barabarani. Mlio wa pikipiki yake naujua, kuna kikohozi fulani anapobadilisha gia. Nikiusikia unapita naendelea na kazi. Nisipousikia, nashona huku akili haipo, na kola ndiyo hivyo zinapanda.

Nilishaongea naye mpaka mate yakanikauka.

"Baba watoto, haya matairi yamekwisha."

"Hayajaisha, yamezeeka tu. Hata wewe utazeeka. Nitakubadilisha?"

"Mimi sibebi abiria kwenye lami iliyolowa."

Hapo anacheka. Mimi nikiwaka yeye anacheka, na hakuna kitu kinaniudhi duniani kama mtu ninayemgombeza kwa haki halafu anacheka. Anasema tairi halibadilishwi mpaka lipasuke, kwamba likiwa bado linashika upepo basi bado ni tairi.

Siku moja tulikuwa tunatoka kumjulia hali dada yangu, yeye mbele, mimi nyuma, binti yetu katikati. Manyunyu tu, hata mwavuli mtu asingefungua. Tulipokata kona ya kituo cha mafuta, gurudumu la nyuma likaondoka zake. Nilihisi chuma kinateleza chini yangu kama sabuni mkononi. Tukaenda mshazari mpaka ukingoni mwa mtaro, tukasimama wima, sijui kwa rehema gani. Binti yangu alikuwa amenishika kidole gumba, akaking'ang'ania mpaka tukafika nyumbani. Na mume wangu akageuka akaniambia, "Umeona? Hatujaanguka."

Kuanzia siku ile nikamkataza binti yangu pikipiki, akawa anakwenda shule kwa miguu. Alininunia. Baba yake pia alininunia kidogo. Nikawaacha wanune.

Sasa, kabla sijafika kwenye matairi, lazima niseme habari ya siti, maana bila siti hakuna anayeelewa kilichotokea.

Siti ya pikipiki ile ilichanika zamani, sponji ikawa inachungulia. Akaniomba nimshonee kava. Plastiki nyeusi sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni kipande kilichobaki cha kitambaa cha plastiki cha mezani, mawaridi mekundu makubwa, kila moja ukubwa wa ngumi. Nikamshonea kile, mishono miwili pembeni, lastiki chini, kimekaa vizuri hata kiwandani wasingefanya vile. Alilalamika jioni nzima. Kesho yake akaenda nacho kazini, na kijiweni wakampa jina hapohapo. Maua. Tangu siku hiyo ni Maua kwa madereva, ni Maua kwa abiria, ni Maua kwa muuza vocha. Na pale kijiweni kwao wote ndivyo walivyo. Kuna Kasuku, ambaye hanyamazi. Kuna Mwenyekiti, ambaye amekuwa mwenyekiti muda mrefu hata mkewe anamwita hivyo. Jina la mtu la kweli pale halina kazi. Hata mimi nyumbani nikimwita mume wangu kwa jina lake, anageuka polepole, anajua pana ugomvi.

Basi. Nilipoona maneno yamegonga mwamba nikaamua kuyanunua mwenyewe, mtandaoni, kimyakimya. Kimyakimya kwa sababu ningemwambia angenikatalia, na angenikatalia kwa ile hadithi ya binamu yake. Binamu yake aliwahi kuagiza viatu kwenye simu, vikaja vyote viwili vya mguu wa kushoto. Hadithi hiyo nimeisikia kila mtu akitaja mtandao katika nyumba yetu. "Kitu unakinunua ukikishika," anasema, na anashika hewa kuonyesha.

Nilikuwa nimemaliza kazi ya sare za shule, mkono haukuwa mtupu. Nikaingia kwenye simu, nikatafuta, nikaona matairi yamepangwa kwenye picha yameng'aa, meno yamesimama, nikajisikia kama ninaangalia viatu vipya. Nikamwandikia muuzaji. Akauliza, saizi gani?

Mimi ni fundi cherehani. Ukiniuliza saizi, nachukua futi kamba. Nilimsubiri mume wangu aingie kuoga, nikatoka uani nikalipima tairi la nyuma kama ninavyompima mteja: mzunguko, unene, urefu wa juu hadi chini. Nikamtumia muuzaji vipimo vyote. Akaandika: "Dada, hizi ni za gauni?"

Nikataka kumjibu vibaya. Lakini akaendelea kuandika kwa upole kwamba namba zimeandikwa ubavuni mwa tairi, nizisome tu kama zilivyo. Nikarudi uani. Ubavu wenyewe ulikuwa tope tupu. Nikausugua kwa kitambaa, namba zikatokea, za mbele na za nyuma hazifanani, nikazipiga picha zote. Mume wangu akatoka bafuni na taulo kiunoni akanikuta nimechuchumaa mbele ya gurudumu.

"Unafanya nini hapo?"

"Nasafisha pikipiki yako. Kuna kosa?"

Akaniangalia kwa mashaka. Katika miaka yote ya ndoa sijawahi kuisafisha ile pikipiki. Lakini hakuuliza zaidi, naona aliogopa nisije nikaacha.

Ikabaki sehemu ya kujaza. Jina kamili la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nikaandika majina yake yote matatu, herufi kubwa, nikayakagua kama mtu anayekagua mshono. Namba ya simu nikaweka yangu. Mahali pa kupokelea nikaandika kijiwe cha pikipiki mkabala na kituo cha mafuta. Ningeweza kuandika kibandani kwangu, na mambo yote yangekuwa mepesi. Lakini nilitaka ayapokee pale, mbele ya wenzake, wale waliokuwa wanamwambia Maua tairi zako zinahitaji kofia. Nilitaka wamwone mtu ana mke. Ndiyo, ni majivuno, na nililipa kabla mzigo haujatoka, na usiku nikawa naota viatu vya kushoto.

Siku ambayo mzigo ulikuwa unakuja, asubuhi mbingu ilikuwa nyeusi upande wa machimbo ya kokoto. Nilifungua kibanda nikiwa na roho juu. Simu yangu ilikuwa haina chaji. Kibandani kwangu soketi ni moja na hiyo ni ya cherehani, kwa hiyo simu huwa naipeleka saluni ya jirani ichajiwe kwenye kona, chini ya vioo. Nikaipeleka, nikamwambia jirani yangu msusi, ikiita niite. Akasema sawa. Lakini saluni ile ina mashine ya kukaushia nywele inayonguruma kama ndege, na akishaiwasha hawezi kusikia hata akiitwa na baba yake mzazi.

Nilipokwenda kuichukua, mchana umeshapita, nikakuta nimepigiwa mara kadhaa na namba nisiyoijua. Chini yake kuna ujumbe kutoka kwa wale wa kusambaza mizigo. Nikausoma nimesimama katikati ya saluni. Ulisema: "Mzigo haukupokelewa. Mpokeaji amehama na familia yake."

Nikausoma tena. Amehama na familia yake. Familia ipi? Mimi si ndiyo familia, nimesimama hapa na futi kamba shingoni? Nawaambia kweli, kwa dakika moja sikufikiria matairi. Nilifikiria mwanamke mwingine, nyumba nyingine, watoto wanaofanana na binti yangu. Msusi akaniuliza kuna nini, mbona nimebadilika rangi. Nikamwambia, "Nimeambiwa nimehama."

Nikafunga kibanda nikaenda kijiweni kwa miguu, na hatua nilizokuwa napiga watu walinipisha.

Walikuwa wamekaa chini ya banda lao la mabati. Mwenyekiti akasimama kidogo, kama anavyofanya kwa heshima.

"Karibu, shemeji. Maua hayupo, amepeleka abiria machimboni."

"Sijamfuata Maua. Kuna mtu alikuja hapa leo akamtaja huyu?" Nikayataja majina yote matatu.

Wakaangaliana. Kasuku akasema, "Huyo hata asubuhi aliulizwa. Ni nani huyo, shemeji? Amefanya nini?"

"Ni Maua."

Mwenyekiti akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Kisha akanieleza, kwa adabu, utaratibu wao. Pale kijiweni mtu akija anauliza kwa jina la utani, huyo ni abiria au rafiki, anaonyeshwa. Akija na karatasi, kizibao cha kung'aa na majina matatu ya kwenye kitambulisho, huyo ni wa manispaa, au wa mahakama, au wa jambo lolote lisilo jema. Huyo jibu lake ni moja, hatumjui. Na anayejibu ni aliye mbele ya foleni, kwa niaba ya wote, ili maneno yasipishane.

"Huyu alikuja na kizibao?"

"Na karatasi," akasema Mwenyekiti. "Gari aliliacha kule ng'ambo. Hatukuona mzigo, shemeji."

"Na nani alikuwa mbele ya foleni?"

Kasuku akaanza kucheka, akaona macho yangu, akameza.

"Shemeji, alikuwa Maua mwenyewe."

Nikakaa kwenye benchi.

"Tena alijibu vizuri sana," Kasuku akaendelea, hakuweza kujizuia. "Alimtazama usoni akamwambia, huyo bwana alihama zamani, alirudi kwao na familia yake yote. Mimi nikajua anamkinga mtu. Nikampa mkono."

"Kwani hakujua kuwa ni jina lake?"

"Alijua, shemeji," akasema Mwenyekiti. "Ndiyo maana alijibu haraka."

Ningecheka, haki ya nani ningecheka, lakini wakati huohuo tone la kwanza likagonga bati. Halafu la pili. Halafu banda zima likaanza kupiga kelele, na upande wa machimboni ukawa hauonekani tena, umekuwa kijivu toka juu hadi chini.

Njia ya machimboni ni moja. Ni udongo mwekundu, inapanda, na wakati wa kurudi inashuka kwa mteremko ambao malori yenyewe yanaushuka kwa gia ndogo yakilia. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Na mume wangu alikuwa huko, juu ya lile tairi sahani, na matairi mapya yaliyokuwa yamemfikia mpaka mlangoni ameyafukuza kwa mdomo wake.

Nikampigia. Haipatikani. Hata sikushangaa. Mvua ikianza yeye huzima simu, huifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuisukumia ndani ya koti, kwamba simu ikiingia maji ni hasara. Simu anaionea huruma kuliko shingo yake.

Nikapiga ile namba nisiyoijua. Akapokea mwanamume, nyuma yake nasikia mvua inapiga kioo.

"Dada, mimi niko kazini. Mpokeaji wako amehama."

"Hajahama. Aliyekwambia amehama ndiye yeye."

"Sasa kwa nini aseme amehama?"

"Kwa sababu umevaa kizibao."

Naona alikuwa anajitazama. Nikamweleza harakaharaka, bila pumzi, na mwanzoni alikuwa mkali, ana mizigo, ana ratiba, ana bosi. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema ana mzigo mmoja wa mwisho, wa ofisi ya machimbo, ndiyo yuko njiani anapanda.

Nikasimama. "Kaka yangu," nikamwambia, na sauti ilinitoka tofauti na nilivyotaka, "mume wangu yuko kwenye njia hiyo. Tairi lake la nyuma halina hata jino moja. Nakuomba utazame pembeni. Utaijua pikipiki yake, siti ina mawaridi mekundu makubwa. Niliishona mimi. Hakuna nyingine kama hiyo."

Ukali ukamtoka. Akasema atatazama, nisikate tamaa, atanipigia.

Nikakaa pale na wale wanaume wamenizunguka, hakuna aliyejua aweke mikono wapi. Kasuku alijaribu kusema kwamba Maua ni dereva mzuri, Maua anaweza kuendesha hata kwenye barafu. Mwenyekiti akamwambia nyamaza, akanyamaza. Mtu akaniletea koti lake. Sikulivaa, nililikumbatia tu. Nilikuwa naogopa. Sitaki kuzungusha maneno, niliogopa sana, na katikati ya woga nilikuwa na hasira, nikimwambia moyoni, ukirudi salama nitakuua.

Simu ikaita.

"Dada, nimeiona pikipiki yenye maua."

"Haya."

"Imelala pembeni ya barabara, hapa mteremkoni."

"Na mtu?"

Nilisikia mlango wa gari unafunguliwa, mvua ikawa kubwa sikioni.

"Mtu simwoni."

Sijui niliinuka saa ngapi, lakini nilikuwa nimesimama nje ya banda, kwenye mvua, simu nimeikandamiza sikioni chini ya kitenge nilichojitanda. Nikamwambia, "Mwite. Tafadhali, mwite kwa nguvu."

Akaita. Aliita majina yote matatu, moja baada ya jingine, kama yalivyo kwenye karatasi yake, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu getini. Nikayasikia yanakwenda mbali ndani ya mvua. Hakuna kilichorudi. Akaita tena. Hakuna. Nikasikia anapiga hatua kwenye tope, anasema kwa sauti ya chini, "Korongo hapa ni refu, dada," na naona alijuta palepale kuwa amelisema.

Nikaona giza. Halafu, ndani ya lile giza, nikamwona mume wangu. Nikamwona anavyotazama kizibao cha kung'aa.

"Acha hayo majina," nikamwambia. "Vua kizibao. Mwite Maua."

"Nivue?"

"Vua, kaka, nakuomba. Mwite Maua. Sema mama watoto ndiye amekutuma."

Nikasikia anahangaika na zipu. Kisha akaita, "Maua! Mama watoto ndiye amenituma!"

Mvua. Mvua. Halafu, mbali, kama sauti inayotoka ndani ya pipa, nikaisikia.

"Amekutuma nini?"

Nikakaa chini. Si kwenye benchi. Pale nilipokuwa, kwenye maji, na nikalia na kucheka kwa pamoja mpaka Mwenyekiti akaja kuninyanyua akidhani nimepata habari mbaya. Nikamwambia, "Yuko ndani ya kitu. Amejificha. Ni mzima." Na wale wanaume wakubwa wakaanza kushikana mabega, Kasuku akafuta uso kwa kofia akisema ni mvua, na kweli ilikuwa mvua, lakini chini ya banda haikuwa inafika.

Walirudi wote wawili kwenye gari dogo la mizigo, pikipiki imelazwa nyuma juu ya magunia. Mume wangu akashuka ametapakaa udongo mwekundu hadi nyusi. Wakati namsubiri nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu, yenye sura na aya. Alipofika nikamshika masikio yote mawili, nikamgeuza kichwa huku na huku kutafuta damu, na hotuba yote ikanipotea.

"Sina kitu," akasema. "Sijaanguka."

"Pikipiki imelala."

"Niliilaza mwenyewe. Stendi inazama kwenye tope." Akashusha sauti, maana wenzake walikuwa wametega masikio. "Abiria nimemfikisha. Wakati wa kurudi, mwanzo wa mteremko, nyuma ikataka kuondoka. Kama siku ile. Nikasimama. Nikasema mama watoto ataniua. Nikaanza kuisukuma kwa miguu, mvua ikanizidi, nikaingia kwenye kalavati, lile bomba la maji chini ya barabara. Mara namwona huyu bwana wa asubuhi, na kizibao chake, anashuka kwenye gari ananiita kwa majina yote. Nikasema, huyu mtu kanifuata mpaka huku mlimani? Nimefanya nini mimi?"

"Ungesema nini kama asingetaja mama watoto?"

"Ningesema nimehama," akasema, na hapo kijiwe kizima kikalipuka.

Mleta mizigo alikuwa hacheki sana. Alikuwa amelowa, na alitaka sahihi yake. Akatoa matairi mawili yaliyozungushiwa karatasi, akayaweka mbele ya mume wangu, akamtaka na kitambulisho. Mume wangu akakitoa kwenye ule mfuko wa nailoni. Yule bwana akakilinganisha na karatasi, jina kwa jina, bila haraka, kisha akamtazama.

"Kwa hiyo umerudi."

"Nimerudi," akasema mume wangu.

"Na familia yako?"

Mume wangu akanitazama. Nilikuwa nimelowa, koti la mtu mwingine sasa liko mabegani, futi kamba bado iko shingoni. Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza katika habari ya matairi kumwona mume wangu hacheki. Akasema, "Na familia yangu," akatia sahihi.

Halafu akachana karatasi. Alilishika tairi la kwanza, akalizungusha, akapitisha kidole gumba kwenye meno yake, akalishika la pili akalitazama ubavuni, akalitazama la kwanza tena. Nikajua anachotafuta.

"Sema," nikamwambia.

"Nilitaka tu kuhakikisha si yote ya kushoto."

Fundi pancha wa pale aliyafunga jioni hiyohiyo, mvua ikiwa imebaki manyunyu. Matairi ya zamani mume wangu alitaka kuyabeba nyumbani, eti yatafaa siku moja. Nikamtazama. Akayaacha. Mleta mizigo alikunywa chai na madereva, akasahau kizibao chake pale kwenye benchi, na naambiwa Kasuku ndiye anayekivaa siku hizi, na kila akikivaa hakuna anayemjua.

Siku iliyofuata mume wangu alimpeleka binti yetu shule kwa pikipiki. Mtoto alikaa kwenye mawaridi akanipungia kama mtu anayesafiri mbali. Nikafungua kibanda, nikachukua gauni la pili aliloniletea yule mama wa kola, nikakaa. Nilipanga kola, nikabana pini, nikaanza. Kitambaa kilikuwa laini na kilitaka umakini. Nilimaliza upande mmoja, nikageuza, nikamaliza wa pili, nikaliinua gauni kwenye mwanga. Pande zote mbili zilikuwa sawa.

Nilipokata uzi na cherehani kunyamaza, nikasikia maji yanatiririka kwenye mtaro. Nikachungulia nje. Barabara ilikuwa imelowa yote, na watu walikuwa wanafunga miavuli. Mvua ilikuwa imenyesha na imekwisha, na mimi sikujua ilianza saa ngapi.